Ng'ombe wa Pakiteng

Mjukuu wangu Daniel alirudi kutoka mjini na begi moja, redio ndogo na misemo ya Kiingereza. Begi aliliweka chumbani, redio akampa mama yake, misemo ikabaki mdomoni mwake. Alikuwa amefanya kazi kwenye kampuni ya kutembeza watalii kule Kimandolu. Kampuni ilipofungwa akahamia Engutoto kwa rafiki yake, akawa anahudhuria semina za ujasiriamali, mpaka kodi ikawashinda wote wawili. Ndipo akapanda kurudi kwetu, huku juu ya Ngaramtoni, ambako mtu halipi kodi ya kulala.

Wiki ile ile ya kwanza nilimwomba hela kidogo ya sukari. Akacheka, akasema kitu kwa Kiingereza, halafu akakigeuza ili nielewe.

"Koko, pesa haioti kwenye miti."

Koko ni bibi kwa Kimaa. Mimi nikautazama mparachichi ulio nyuma ya jiko. Ule mti ulimnunulia sare za shule, na kabla yake kahawa ilimsomesha baba yake. Nikamwambia kwetu inaota, tena mwaka ule ilikuwa imeota hadi matawi yanavunjika. Akacheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba Waingereza wanamaanisha pesa haiji bila jasho. Nikasema basi miti ya kwao ni mivivu. Siku nyingine akaniambia kwao husema pesa huongea, nami nikamuuliza kama ikifika kwa wakubwa huwa inaamkia. Tulikuwa tunacheka hivyo. Wakati ule misemo yake ilikuwa ya kuchekesha tu.

Mpango wake ulikuwa mzuri, sitaki mtu aseme niliupinga kwa ujinga. Mlimani kwetu maziwa ya asubuhi yanapata mnunuzi, ya jioni yanaganda kwenye vyombo, na wakati wa masika gari la maziwa halipandi kabisa. Daniel alitaka kununua tangi la kupozea, akusanye maziwa ya jirani zetu wote, ayashushe mjini kwenye mahoteli. Ofisi moja ya mikopo ilikubali kumsikiliza. Kwa kuwa shamba letu ni la ukoo na halina hati, ofisi ilisema itapokea ng'ombe kama dhamana. Ingemtuma afisa aje awaone zizini kwa macho yake, kumi wasiopungua, mwenyekiti wa kijiji athibitishe kwamba ni wa familia hii, kisha kila mmoja avishwe hereni yenye namba ya mkopo.

Zizini tulikuwa na saba. Mwanangu Lemomo, baba yake Daniel, akamwambia kuna wengine wawili Olkokola kwa Lengai, shemeji yake, anatufugia kwa sababu huko majani ni mengi. Daniel akahesabu tisa. Akafikiri kidogo, akauliza, "Na yule aliye kwa bibi Nashipae?"

Lemomo akanitazama, halafu akautazama moto.

Hapo lazima nieleze, maana vijana wengi wa siku hizi hawajui. Kwetu Waarusha ng'ombe wako anaweza kulala nje ya lango lako kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hiyo ya Lengai: mtu anakufugia, anakunywa maziwa kwa kazi yake, na siku ukimtaka unamfuata, hakuna anayeona vibaya. Njia ya pili ni nyingine kabisa.

Nashipae na mimi tuliolewa katika mlima huu karibu wakati mmoja, mimi upande huu wa korongo, yeye ng'ambo. Ukaja mwaka wa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ng'ombe wa kwao wakafa wote. Alikuwa na kichanga, binti yake Namelok, na maziwa yake mwenyewe yalikauka kwa njaa. Mtoto alikuwa halii tena, alikuwa anafungua kinywa tu. Nilimwomba mume wangu Sironka ruhusa ya kutoa mtamba mmoja kati ya ng'ombe niliogawiwa nilipoingia kwake kama bibi harusi. Akaniruhusu. Nikamfunga mtamba kamba, nikavuka naye korongo, nikang'oa majani mabichi, nikamwekea Nashipae mkononi pamoja na kamba.

Tangu siku hiyo sikumwita tena Nashipae, wala yeye hakuniita Silantoi. Tuliitana Pakiteng. Enkiteng ni ng'ombe kwa Kimaa. Ukimpa mtu ng'ombe namna hiyo, jina lako linakufa mdomoni mwake na la kwake linakufa mdomoni mwako, mnabaki na moja wote wawili. Ng'ombe huyo hafuatwi. Akizaa huulizi amezaa nini. Akifa unakwenda kutoa pole kama jirani mwingine yeyote. Na aliyetoa hawezi kumpitisha tena katika lango la aliyepewa, hata kwa kumpeleka josho, kwa sababu mkono ule ule uliomwingiza ukimtoa, umeyafuta yote.

Aliyekuwa kwa Nashipae sasa ni kitukuu cha mtamba wangu, ng'ombe wa rangi ya majivu, mpole. Nashipae anaishi peke yake. Namelok aliolewa Longido. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yalikuwa chai yake, na yaliyobaki aliyauza akanunua dawa za presha.

Na mimi, wajukuu huniita Koko, kanisani mimi ni Mama Lemomo, kwenye zahanati ni bibi tu. Wote walionijua nikiwa mke kijana wamekwenda. Nilikuwa nikivuka korongo ndipo ninakuwa Pakiteng. Ni mtu mmoja tu duniani aliyekuwa ananiita hivyo.

Basi Jumapili, baada ya ibada, tukakaa tukazungumza, mimi na Lemomo na Daniel na mama yake, Evelyn. Nikayaeleza yote kama nilivyoyaeleza hapa. Daniel alisikiliza vizuri, ni mtoto mwenye adabu. Nilipomaliza akasema ni siku moja tu. Ng'ombe aje asubuhi, apigwe picha, avishwe hereni, kesho yake arudi kwa bibi Nashipae na maisha yaendelee. Nikamuuliza kwa nini wasiazime kwa jirani mwingine. Akasema hakuna jirani atakayekubali ng'ombe wake atobolewe sikio kwa mkopo wa watu, wala mwenyekiti hawezi kusaini ng'ombe wa watu. Yule wa kwa Nashipae kila mtu anajua ukoo wake ulitoka zizi hili. Nikasema basi wasubiri, kuna mmoja hapa ana mimba. Akasema dirisha la mkopo linafungwa mwisho wa mwezi.

Halafu akanishika mkono.

"Koko, unaniamini?"

"Nakuamini."

"Waingereza wanasema, weka pesa yako pale mdomo wako ulipo."

Nikaufikiria msemo huo, nikaupenda kuliko yote aliyowahi kutuletea. Nikamwambia hao Waingereza wana akili, kwa sababu mimi ndivyo nilivyofanya. Palikuwa na mdomo ng'ambo ya korongo na hapakuwa na maziwa, nikaipeleka mali yangu pale mdomo ulipo. Daniel akatikisa kichwa. Akasema hapana, maana yake ni kwamba kama unakisifia kitu kwa maneno, toa na mali yako ukiunge mkono. Nikamwambia basi bado tunakubaliana, mimi niliitoa na mpaka leo iko nje. Evelyn akacheka. Daniel hakucheka.

Lemomo ndiye aliyesema neno zito. "Mama, afisa hajui ng'ombe wa jina ni nini. Yeye atahesabu vichwa."

Sikumkasirikia. Nilijua anachokiogopa. Vijana waliorudi kutoka mjini kabla ya Daniel aliwaona kila alipokwenda soko la Ngaramtoni, wamekaa kwenye vilabu tangu asubuhi, macho mekundu, wanamwamkia kwa kuomba mia tano. Aliiona miezi ikipita na mwanawe amekaa. Baba akiogopa hivyo, akipewa kamba hatazami imefungwa wapi.

Nikasema sikubali. Nilisema mara moja, kwa sauti ya kawaida. Evelyn akaenda kuangalia jiko, nami nikadhani yamekwisha.

Jumatano mchana Daniel akaja jikoni kwangu na uso wa furaha. Alikuwa amempigia simu Nashipae. Alisema alimwamkia vizuri, akamuuliza hali ya miguu, akamweleza habari ya afisa, na Nashipae hakuwa na neno, alijibu sawa mjukuu wangu.

"Ulimwambiaje?" nikamuuliza. "Nataka maneno yenyewe."

"Nilimwambia tunamwomba ng'ombe wetu aliye kwako, aje nyumbani kesho."

"Ng'ombe wetu aliye kwako."

"Ndiyo, Koko. Na nikamwambia tutamfuata wenyewe, asisumbuke."

Nikaweka chini sufuria niliyokuwa nimeishika. Nilimuuliza baba yake alikuwa wapi wakati wa simu hiyo. Akasema walikuwa wamekaa pamoja.

Nilichukua fimbo yangu nikatoka, lakini mvua ilikuwa imenyesha juu mlimani tangu asubuhi na korongo lilikuwa limejaa, maji ya rangi ya chai yanabiringisha mawe. Nilisimama ukingoni mpaka kanga ikalowa. Niliona ng'ambo moshi ukitoka jikoni kwake. Ningepiga kelele asingesikia. Evelyn akajaribu simu, haikupatikana. Nashipae huichajia dukani, na siku nyingi inakuwa imezimwa.

Alhamisi asubuhi maji yalikuwa yameshuka. Nilikuwa najifunga viatu niende, nikasikia kwato kwenye mawe ya njia yetu. Alikuwa amemleta mwenyewe. Hakungoja watu wafike langoni kwake kumtoa. Alikuwa amelowa hadi magotini, na miguu yake ile iliyovimba, na ng'ombe anamfuata nyuma bila kuvutwa, kama mtu na mtu wanaokwenda kanisani.

"Takwenya, Pakiteng," nikamsalimu. Ndivyo wanawake wa kwetu husalimiana, na jibu lake ni Iko.

"Iko," akajibu. Akapumua kidogo kwa sababu ya mpando. "Hamjambo hapa, Silantoi."

Sikuwa nimelisikia jina langu kinywani mwake tangu Namelok akiwa ananyonya. Nilimshika mkono. Aliuacha ushikwe.

"Si mimi niliyepiga simu," nikamwambia.

"Najua. Ungekuwa wewe ungekuja kwa miguu."

"Basi geuka naye. Geuka naye sasa hivi, mimi nitasema na hawa."

"Nigeuke naye niende wapi? Nimeambiwa ni wa kwenu. Nikimrudisha leo nitakuwa nimekaa na mali ya watu."

"Mtoto hakujua alichokisema."

"Mtoto hakujua. Na Lemomo, alikuwepo?"

Lemomo alikuwa amesimama mlangoni pa zizi, anasikia, anafuta kwenye suruali mikono isiyo na kitu.

"Hilo tu ndilo nililotaka kujua," Nashipae akasema. Hakuwa na hasira. Ningepewa hasira yake ningeifurahia.

Akamfungua ng'ombe kamba, maana kamba ilikuwa yake, akaikunja akaitia begani. Akamwita Evelyn, akamweleza kwamba huyu hapendi kukamuliwa kwa upande wa kulia, na jioni anapewa chumvi kidogo mkononi, si chini. Evelyn akamletea chai. Aliinywa yote akiwa amesimama, akashukuru, akasifu sukari. Miaka yote hakuwahi kushukuru chai ya kwangu. Alikuwa akiisha kuinywa anasema imepoa, au majani yamezidi, au nani kakufundisha kupika.

Alipoondoka nilimsindikiza. Tulikwenda mpaka chini kwenye mawe ya kuvukia, akaniambia nirudi, wageni wangu wako karibu kufika.

Afisa alifika na pikipiki, kijana wa watu, mwenye viatu vya mpira na shikamoo ya kweli. Mwenyekiti alikuwepo, na wale wawili wa Olkokola walikuwa wameshaletwa. Wakawahesabu, wakawapiga picha mmoja mmoja, wakawatoboa masikio na kuwavisha hereni za njano. Afisa alimpapasa mgongo yule wa Nashipae akasema jambo kwa Kiingereza, wakacheka yeye na Daniel. Daniel akanigeuzia: ng'ombe wa pesa. Akasema ndivyo Waingereza wanavyoiita biashara yoyote isiyokusumbua, kila ukiigusa inatoa hela. Nikamuuliza kama wana jina pia la ng'ombe ambaye si wa pesa. Akafikiri kwa bidii, akasema labda wanalo, yeye hajalisikia.

Jioni Evelyn alikaa upande wa kushoto kama alivyofundishwa. Ng'ombe alimtazama tu. Chuchu zilikuwa zimejaa, maziwa hayakushuka. Hata chumvi alikataa kuilamba.

Kesho yake Daniel alimfunga kamba nyingine akamrudisha ng'ambo, kama alivyoahidi. Aliporudi alirudi naye. Alikuja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda, maji yanamchuruzika, akanisimulia. Nashipae alimkaribisha vizuri. Alimuuliza kitu hicho cha njano sikioni ni nini. Daniel akamwambia ni namba ya mkopo. Akauliza namba imeandikwa kwa jina la nani. Akamwambia la baba. Nashipae akasema basi mpeleke kwa baba. Daniel akamwambia ni karatasi tu, bibi, ni kwa ajili ya ofisi, sisi wenyewe tunajua ni wako. Akamjibu kwamba mwenyekiti amesaini, afisa amepiga picha, na ninyi wenyewe mmesimama mkanyamaza, sasa huo ujuzi wenu wa kujua ni wangu mmeuweka wapi.

"Hakugomba, Koko," Daniel akasema. "Alinipa hata parachichi nile njiani."

Nikaona amefahamu. Uso wake ulikuwa kama wa zamani alipokuwa akivunja kitu nyumbani akaja kukaa karibu yangu bila kusema. Siku hiyo hakuwa na msemo. Baadaye akasema atatengeneza, faida ya kwanza ikipatikana atamnunulia Nashipae ng'ombe wa kisasa, wa maziwa mengi kuliko huyu mara tatu.

"Ukimnunulia utakuwa umemlipa," nikamwambia.

"Si ndiyo vizuri, Koko? Alipwe."

"Mtu hulipwa ili mambo yaishe, mjukuu wangu."

Aliinamisha kichwa. Nilimwekea mkono kichwani, kwa sababu ni mtoto, na kwa sababu hata nisingeuweka isingesaidia kitu.

Kulikuwa na njia moja tu iliyobaki, nami niliijua. Mtamba mwingine, kutoka kwa ng'ombe wangu, kwa mkono wangu mimi, na kamba na majani, nikapige magoti langoni kwake nianze upya kama mtu asiyemjua. Mtamba alikuwepo, mweusi mwenye baka jeupe tumboni, amezaliwa na ng'ombe aliyebaki katika wale niliopewa na Sironka. Nikamwendea Lemomo shambani, nikamwomba. Alikuwa anapalilia. Aliendelea kupalilia.

"Mama, huyo naye ameandikwa."

"Najua ameandikwa. Nataka kumtoa."

"Ng'ombe aliyeandikwa hatolewi. Hauzwi, hachinjwi, hapewi mtu, mpaka mkopo uishe. Tukitoa hata mmoja wana haki ya kuchukua wote."

"Mkopo unaisha lini?"

Akataja. Ilikuwa miaka mitatu. Akasimama, akaegemea jembe, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile akanitazama usoni. Nikaona kwamba naye amezunguka pande zote za jambo hili akitafuta mlango, hakuuona. Miaka mitatu kwa kijana ni muda wa kungoja. Kwetu sisi, mimi na Nashipae, ni muda wa kuzikana.

Nikamwomba mzee Solomoni, mzee wa kanisa, aende akatupatanishe. Alikwenda akiwa amevaa koti lake la Jumapili. Alirudi akiwa mnyonge. Akaniambia amekaa naye mpaka jua limezunguka nyumba, na Nashipae hana ugomvi na mimi hata kidogo. Ananisifu. Anasema mimi ndiye niliyemwokoa mtoto wake. "Sasa Mama Lemomo," akasema, "watu wasio na ugomvi mimi nitawapatanisha nini?"

Mkopo ulitoka. Tangi likaja juu ya gari, likafungwa, na mpaka leo linanguruma pale barabarani mchana kutwa. Jirani wanaleta maziwa asubuhi na jioni, Daniel anapima, anaandika, analipa kila Jumamosi, hamdhulumu mtu. Amenunua pikipiki. Lemomo ananenepa kidogo. Ningekuwa nimeona biashara imeanguka pengine ningekuwa na mtu wa kumlaumu, lakini haijaanguka, na watu wanaibariki, na mimi mwenyewe chumba changu kimepigwa sakafu kwa hela hiyo. Misemo ya Kiingereza imepungua nyumbani. Daniel akianza mmoja hunitazama, akauacha katikati.

Kanisani mimi na Nashipae tunapeana mikono mlangoni. Ananiuliza magoti, namuuliza presha. Watu wakituona wanasema wale wazee wanapendana.

Halafu Namelok akampigia Evelyn simu kutoka Longido, akamwambia mama yake siku hizi anakunywa chai ya rangi, akiulizwa anasema maziwa yanamletea kiungulia. Evelyn akaniambia. Sikulala vizuri. Ilikuwa kiangazi, korongo kavu. Asubuhi nilikwenda zizini mwenyewe, nikamkamua yule wa rangi ya majivu, ambaye alikuwa amekwisha kutuzoea, nikajaza kidumu, nikavuka.

Nashipae alinikaribisha kwa mikono yote miwili. Alinifutia kigoda kwa kanga yake. Hakuwa akifuta kigoda kwa ajili yangu, zamani nilikuwa nakaa popote, hata juu ya kuni zake. Aliniuliza habari za Lemomo, za Evelyn, za Daniel, za pikipiki. Lango lake lilikuwa wazi, halina haja ya miiba tena. Pale ng'ombe alipokuwa akifungwa alikuwa amepanda sukuma wiki.

Nikampa kidumu. Akakishika, akakipima uzito, akakifungua akanusa. Akajua ni ya nani. Niliona anajua. Akakiweka mapajani.

"Lita mnauza shilingi ngapi siku hizi?" akauliza.

"Sijaja kuuza."

"Najua hujaja kuuza. Lakini mimi nitayanywaje?"

Nilitafuta la kumwambia. Ningesema ni bure, angeniuliza bure kwa lipi, na mimi nisingekuwa na jina la kumjibu. Ningeyachukua nikarudi nayo, angekunywa chai ya rangi mpaka afe. Nje kuku wake walikuwa wanakwaruza majani. Alikuwa akinisubiri, kwa upole, kama mtu anavyomsubiri mgeni apate chenji.

Nikataja bei, ile ile Daniel anayowauzia wanaofuata maziwa tangini.

Akafungua fundo la kanga, akatoa noti, akaongeza sarafu, akanipa. Nikaipokea. Akamimina maziwa kwenye sufuria yake, akakisuuza kidumu kwa maji ya moto mara mbili, akakifuta, akanirudishia.

"Kesho mlete tena kama yapo," akasema. "Ila usije mwenyewe na hayo magoti. Mtume mtu."

Nikamwambia sawa, tutamtuma mtu.